Kwanza Nipimie Mlango

Mteja akiingia karakanani na simu mkononi, kabla hajanionyesha picha aliyokuja nayo, mimi humwuliza: "Mlango wako una upana gani?" Wengi hucheka. Wamekuja kuagiza sofa, fundi anauliza habari za mlango.

Hawakuwepo siku ile Shirere, hapa Kakamega. Nilikuwa nimeshona kochi la watu watatu, kazi ya wiki mbili na nusu, mahameli ya kijani, mikono imeviringwa kama mkeka. Tulipolifikisha kwa mwenyewe tukakuta mlango wa inchi 29, na kochi lina kimo cha inchi 32 na kina cha inchi 38. Tukalilaza, tukalisimamisha, tukatanguliza miguu, wapi. Dirisha nalo lina vyuma. Baba mwenye nyumba akataka kung'oa fremu ya mlango, mama akasema heri kochi ling'olewe, na mawingu ya alasiri yalikuwa yameshajaa upande wa msituni. Anayeijua Kakamega anajua mvua hiyo haibembelezwi. Nikatoa kisu, nikafumua kazi yangu mwenyewe, seremala akazichomoa mbao za mgongo, tukaingiza vipande. Nilikaa sebuleni kwa watu hadi usiku nikiunga upya kwa sindano ya mkono, mtoto wao akinimulikia kwa tochi ya simu kwa sababu stima nayo ilikuwa imepotea. Sikulipwa hata shilingi ya ziada, na sikuistahili. Kupima mlango ilikuwa kazi yangu.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko kando ya barabara ya Kisumu, mahali ambapo vumbi la malori huchanganyika na vumbi la msasa. Nina miaka 19 katika kazi hii. Sikuingia kwa useremala, niliingia kwa cherehani. Nilikuwa nikishona sare za shule Amalemba, na Februari ikifika kazi hukauka. Mzee mmoja seremala, jirani yangu, akaniomba nimshonee foronya za mito ya makochi yake. Baada ya mwaka nikaona jambo lililonikera: mteja akilisifu kochi husifu kitambaa, yaani mimi, likivunjika huwa ni mbao, yaani mzee, lakini akija kugomba, anatugombeza sote wawili. Nikamwambia mzee anifundishe kilichomo ndani. Hakunipa kochi jipya. Alinipa kuukuu nilifumue.

"Jipya litakudanganya," akasema. "Hili limeshachoka kudanganya."

Kufumua ndiko kulikokuwa shule yangu. Watu wetu huvika kochi nguo mpya juu ya ile ya zamani, kwa hiyo unalimenya kama kitunguu: juu mahameli ya juzi, chini yake maua makubwa ya kahawia, chini yake tena reksini nyekundu iliyopasukapasuka. Nimekuta sarafu zilizokwisha kutumika, penseli, funguo, meno ya watoto, na mara moja akiba nzima ya mahindi ambayo panya alijiwekea pembeni karibu na springi. Katika makochi ya zamani zaidi, ndani hakuna sponji kabisa. Kuna nyuzi za makumbi, au sufi, au majani makavu yaliyoshindiliwa ndani ya gunia.

Humo ndimo nilimoelewa kwamba mitindo haikuanza kama urembo. Kila umbo mnaloliona simuni lilianza kama dawa ya tatizo la mtu fulani, mahali fulani. Ukilijua tatizo lake, utajua kama na wewe unalo.

Chukua Chesterfield, ambayo kwa miaka hii ndiyo inayotulisha. Hapa kwetu kila kitu chenye vifungo huitwa hivyo, hata kichwa cha kitanda. Yenyewe ina alama mbili: mikono na mgongo vina kimo kimoja na vyote vimeviringwa kwenda nje, halafu vifungo vimezamishwa hadi kitambaa kinajikunja mraba mraba, kama umbo la almasi. Jina hilo huhusishwa na Philip Stanhope, bwana mkubwa wa Uingereza aliyeishi kati ya 1694 na 1773 na aliyekuwa na cheo cha Earl wa Chesterfield. Husemwa aliagiza kiti ambacho mtu angekalia wima bila kukunja koti lake. Hadithi tamu, ila hakuna hati inayoithibitisha, na umbo lenyewe lilienea katika karne ya 19, wakati springi zilipoingia vitini. Lililo la hakika ni kazi ya vile vifungo. Makochi ya wakati huo yalijazwa singa za farasi. Singa huteleza: ukiegemea kila siku zinakimbilia chini, mgongo unabaki mtupu kama mfuko. Basi fundi akapitisha uzi kutoka mbele hadi nyuma, akaufunga kwa kifungo, singa zikatulia mahali pake.

Mimi sijazi singa. Najaza sponji, na sponji haitelezi. Aina hiyo ya plastiki ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, na katika miaka ya 1950 ikaanza kuingia vitini. Kwa hiyo vifungo ninavyovizamisha leo, ambavyo katika kochi moja kubwa huweza kupita 60, havishiki chochote. Ni pambo, na kila shimo ni kibakuli cha makombo ya mandazi. Wateja nawaambia hivyo waziwazi. Nusu yao huagiza tu, na wana haki, kwani kupendeza nako ni haja ya mtu. Ila akija mama mwenye watoto watatu wa chekechea akitaka vifungo na rangi ya maziwa, huyo namkalisha chini kwanza, namtilia chai.

Mara nyingine mimi ndiye ninayefundishwa. Kile kiti chenye mabawa mawili pande za kichwa kilitokana na nyumba za Ulaya zenye moto ukutani na upepo mlangoni; mabawa huzuia baridi ya pembeni na kushika joto la moto. Mzee mmoja mstaafu wa Lurambi alipokuja kuagiza, nilimweleza hayo yote, kwamba sisi hatuoti moto sebuleni, kwamba anapoteza mbao. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama," akasema, "mimi husinzia wakati wa taarifa ya habari. Kichwa kinaanguka. Nataka pa kukiegemeza."

Nikachukua futikamba nikapima kutoka kiunoni mwake hadi sikioni.

Kuna mgongo wa nundu, ule unaopanda katikati na kushuka pembeni. Jina lililogandana nao ni la Thomas Chippendale, fundi wa London aliyechapisha kitabu cha michoro ya samani mwaka 1754, kikawa kama katalogi ya kunakiliwa na maseremala wengine. Waingereza huuita mgongo wa ngamia. Huku kwetu Isukha na Idakho ngamia hatuna, lakini fahali wa kupiganishwa tunao, na wateja wangu huuita tu "ile ya fahali." Naupendekeza kwa mwenye sebule nyembamba: mgongo ni kipande kimoja, mito ni michache, miguu iko wazi na ufagio unapita chini yake. Ugumu unabaki kwa seremala, maana pande mbili za nundu lazima zilingane kabisa. Seremala mwenye haraka hukuletea fahali aliyeteguka bega.

Kuhusu zile seti za rangi ya dhahabu sina mengi ya kusema. Miguu iliyopinda kama ya mbuzi anayejiandaa kuruka ni ya wakati wa Louis XV wa Ufaransa. Iliyonyooka na kuchorwa mifereji ni ya Louis XVI aliyemfuata. Ukiona yote miwili katika seti moja, aliyeichora hakujali. Mafundi wa Misri wameiiga mitindo hiyo miaka mingi hadi Wamisri wenyewe wakaipachika jina la utani, Louis Farouk, kwa jina la mfalme wao wa zamani. Ninazoletewa mimi kutengeneza, nakshi yake mara nyingi imemiminwa kwenye kalibu, haikuchongwa. Ikimeguka, imemeguka.

Na lile kochi la kawaida la seti ya watu saba, ambalo wateja hulidharau kwa sababu jirani analo, nalo lina ukoo. Mikono iko chini kuliko mgongo, mito ya kukalia na ya kuegemea yote inatoka. Wamarekani huliita Lawson, kwa jina la Thomas Lawson, tajiri wa Boston aliyefariki 1925, ambaye husemwa alilitaka kwa ajili ya kustarehe tu, bila makuu. Mimi nalipenda kwa sababu ya zipu iliyo nyuma ya mto. Mto ukilegea namwambia mteja aulete peke yake kwa boda boda. Kochi libaki nyumbani na watu waendelee kukaa.

Sasa nizungumzie vitambaa, maana hapa ndipo ninapogombana na kizazi changu na kinachokuja nyuma yake. Mama yangu alikuwa kwenye chama cha akina mama waliofuma vitambaa vya makochi. Alhamisi jioni walikaa chini ya mwembe na sindano zenye ndoano, uzi mweupe ukitoka kwenye mfuko wa plastiki ili usishike vumbi, na mikono ikienda bila macho kuangalia. Kulikuwa na muundo wa nanasi, wa buibui, wa tausi. Bibi arusi hakuondoka kwao bila seti nzima: kikubwa cha mgongo wa kochi refu, vidogo vya mikono, cha meza, cha redio, baadaye cha televisheni. Jumamosi vilifuliwa, vikatiwa wanga, vikaanikwa juu ya nyasi vikakauka vigumu kama kaki. Mtoto aliyevivuta akikimbia alichapwa.

Leo vitambaa hivyo ni mzaha. Vijana wakitaka kumcheka mtu wa kijijini humchora na kochi lenye vitambaa. Na vijana hao hao ndio wanaoniletea makochi ya mahameli ya kijivu yenye ramani nyeusi mgongoni, tatu kwa mpangilio, moja kwa kila kichwa. Mafuta ya nywele, jeli, losheni, na jasho la shingo. Mahameli ile haifuliki. Ninachoweza kufanya ni kubandua mgongo wote na kuuvika upya, na nikitaja bei wanashangaa.

Nilipopata kujua asili ya vitambaa nilicheka peke yangu karakanani. Katika karne ya 19 wanaume wa Uingereza walijipaka mafuta ya nywele yaliyouzwa kwa jina la Macassar, bandari iliyo katika Indonesia ya leo. Mafuta yakaharibu viti vya watu. Wake zao wakaanza kutandika kitambaa kinachofulika juu ya mgongo wa kiti, na kitambaa hicho wakakiita kwa Kiingereza jina lenye maana ya kipinga-Macassar. Kwa hiyo akina mama wa chini ya mwembe hawakuwa washamba. Walikuwa wakitibu ugonjwa ambao bado tunao, kwa dawa inayofuliwa kwa sabuni ya kipande. Siku hizi, nikimshonea mteja kochi la mahameli, namkatia vipande vitatu vya ziada vya kitambaa kile kile, navipindia ukingo, namwambia avitandike pale vichwa vinapoegemea. Navitoza kidogo. Siviiti vitambaa, kwa sababu nikiviita hivyo havitanunuliwa.

Kama vitambaa, useremala wa viti vyenye mgongo hapa magharibi nao una tarehe. Mzee wa kale alikuwa na kigoda chake, kilichochongwa katika gogo moja, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Pwani walikuwa wametutangulia mbali: Lamu na Zanzibar walikuwa na kiti cha enzi, cha mpingo na mapambo ya pembe na kamba za kusukwa, mgongo wima kabisa, kiti cha kumketisha mgeni mkubwa bila kutarajia asinzie humo. Kwetu, wamisionari wa kanisa la Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na misheni yao waliiita ya ufundi tangu jina lake: injili upande mmoja, kinu cha kupasulia mbao upande wa pili. Kwa miaka mingi vijana walijifunza huko randa na patasi pamoja na kusoma. Mzee aliyenifundisha alifundishwa na mtu aliyefundishwa Kaimosi. Aliniambia hilo kama mtu anavyotaja ukoo wake.

Halafu vikaja viti vya PWD. Hiyo ilikuwa idara ya serikali ya kikoloni ya ujenzi, na nyumba na ofisi za serikali ziliwekewa viti vyake: kiunzi cha mbao ngumu kilicho wazi, mikono mipana ya kutosha kikombe cha chai, mgongo wa mbao nyembamba uliolala kidogo, na mito miwili ya kutoa. Maseremala wote wa vijijini walivinakili. Ukikiangalia kimoja vizuri utamwona ndugu yake mkubwa Uingereza: katika miaka ya 1860 kampuni ya William Morris ilianza kuuza kiti cha namna hiyo, chenye mgongo unaolazwa kwa ngazi, baada ya kuona kile cha seremala mmoja wa kijijini huko Sussex. Kijijini kwa kijijini, basi. Hivyo ndivyo viti vilivyokuwa katika nyumba ya kila mwalimu na kila karani nilipokuwa mtoto, na hivyo ndivyo vilivyochomwa kuni seti za sponji zilipoingia, pesa ya miwa ilipokuwa bado ni pesa.

Nirudi ndani ya kochi, kwa kuwa mteja mwenye akili hununua kilicho ndani.

Mbao kwanza. Kwa kiunzi kilichofichwa, mkaratusi uliokomaa na kukauka unatosha, na saipresi nayo kama viungo ni vizuri. Kwa mbao itakayoonekana napenda grevilia kwa mistari yake, au lusiola, mti ulio kwenye kila boma letu na ambao watu huuona wa kuezekea tu. Mvule na ule mti tunaouita tiki ya Elgon, ambao kwa kweli ni jamaa ya mzeituni, ni wa mtu mwenye pesa na mwenye karatasi. Siupokei mti ambao sijui umetoka wapi, kwa sababu msitu uko hapo nyuma yetu na kila mtu anajua njia za usiku.

Ukavu wa mbao una uzito kuliko jina la mti. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mbao zikaadimika, bei ikapaa, nasi tukanunua chochote kilichopatikana. Nilipokea kiunzi cha mkaratusi uliopasuliwa wiki hiyo hiyo. Nilijua. Kilikuwa na harufu ya dawa ya kikohozi na mikono yangu ilitoka na unyevu. Lakini mteja, mwalimu, alikuwa na tarehe ya harusi ya mwanawe, nami nilikuwa na karo ya kulipa. Miezi minne baadaye akanipigia: "Fundi, kochi linalia." Nikaenda. Mbao ilikuwa imekauka ndani ya nguo niliyoivika, ikasinyaa, ndimi zikalegea katika matundu yake, mguu mmoja ukaning'inia hewani. Nilimtengenezea kiunzi kipya kwa pesa yangu, na karo ile nikaikopa. Mbao ya ndani ya nyumba inatakiwa ibaki na unyevu wa asilimia 12 hadi 15, na kwa mvua zetu hilo halitokei kwa wiki mbili. Siku hizi napanga mbao chini ya mabati, vijiti katikati ya kila ubao ili upepo upite, na mteja mwenye haraka namwelekeza kwa jirani.

Ukienda kununua kochi ambalo limeshavikwa, huwezi kuiona mbao, lakini unaweza kuiuliza. Shika mguu mmoja wa mbele, uinue kiasi cha shibiri moja. Kama mguu wa pili wa mbele nao umeinuka, kiunzi ni kigumu. Kama umebaki sakafuni na kochi limejipinda kama mtu anayejinyoosha, liache. Sukuma mkono wa kochi kwa goti. Pitisha vidole kati ya mto na mgongo uguse kilicho chini: kama unagusa mbao chini ya kitambaa chembamba, baada ya mwaka utaikalia mbao hiyo. Geuza kochi, omba ruhusa kufungua kile kitambaa cheusi cha chini. Muuzaji anayekataa amekujibu. Ndani utafute springi za nyoka, zile za waya uliopindapinda, zikiwa zimekaribiana na zimefungwa kati yao. Au mikanda iliyosukwa kama mkeka, ikivutwa kwa nguvu. Kwenye kona tafuta kipande cha mbao cha pembetatu kilichotiwa gundi na skrubu. Pini za stepla peke yake hazishiki kona.

Sponji ndiyo inayodanganya kuliko yote. Niliwahi kuuziwa shehena iliyoandikwa ni nzito, nikaitia katika seti mbili, na kabla ya miezi sita katikati pakawa na shimo mtu anakaa kama yuko kwenye karai. Tangu hapo naweka mizani karakanani. Uzito wa sponji hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo: ikiwa chini ya 20 ni ya kuegemea tu, ya kukalia kila siku naanzia 30. Huna mizani dukani? Fungua zipu, minya kwa ngumi, uachie. Nzuri hurudi mara moja na haiachi alama ya vidole. Ile ya vipande vilivyogandishwa, yenye madoadoa ya rangi, ni ngumu na haizami, nami huitia chini ya sponji laini kwa watu wazito. Peke yake inachosha mapaja.

Kisha kaa. Watu hununua kochi wakiwa wamesimama, wakililinganisha na pazia! Kaa dakika kumi, vua viatu. Kina cha kiti kikipita inchi 22 mtu mfupi ataning'inia miguu au ataegemea hewa; mlete mama mkwe naye akae, kwa kuwa ndiye atakayelikalia siku za shughuli. Kimo cha inchi 17 au 18 kutoka sakafuni kinamwezesha mzee kuinuka bila kushikwa mkono. Yale ya chini yanayogusa sakafu, ya kwenye video za muziki, nimeshona mengi. Vilevile nimeona mwenyekiti mzima wa harambee akivutwa na watu wawili kutoka ndani yake.

Na hapo ndipo picha za ng'ambo zinapotupotosha zaidi. Kochi la Kakamega husafiri. Desemba ikifika, kuna mahari, kuna kumbukumbu ya marehemu, kuna matanga yasiyongoja Desemba. Tenti inafungwa uani, viti vya plastiki vinakodishwa kwa wageni wote, lakini wakubwa, wazee wa ukoo, askofu, wakwe, hawawekwi kwenye plastiki. Kochi linatolewa sebuleni, mabegani mwa vijana wanne, linapita mlangoni, linapita kwenye tope, linakaa juu ya nyasi siku nzima, jioni linarudi. Kochi la umbo la L lililotengenezwa kwa kipande kimoja halitoki. Nikiligawa katika vipande viwili vinavyofungwa kwa kulabu, linatoka. Miguu ninaiweka ya skrubu, inavuliwa. Mteja wa mjini asiyeniambia kwamba ana boma kijijini nitamwuliza mwenyewe.

Mwezi uliopita alikuja daktari kijana wa hapa mjini, mchangamfu, na picha simuni. Nilipouliza upana wa mlango akautaja hapo hapo. Alikuwa ameshasikia habari zangu. Picha ilikuwa ya kiti cha mbao, mikono wazi iliyolainishwa kama mpini wa jembe la zamani, mgongo wa mbao nyembamba, mito miwili ya kutoa. Mtindo wa Denmaki, akanieleza, wa mafundi kama Hans Wegner na Finn Juhl, wa miaka ya 1940 na 1950. Akataja bei yake huko kinakouzwa. Nikaomba nikae.

"Daktari," nikamwuliza, "kwenu kijijini babu alikuwa akifanya kazi gani?"

Alikuwa karani wa barabara. Alipostaafu alinunua vitu vya ofisi kwenye mnada.

"Nenda kwa kukhu, bibi yako, uangalie stoo ya mahindi."

Jumamosi iliyofuata pikipiki ilisimama mbele ya karakana na viti viwili vimefungwa nyuma, miguu juu, vimejaa masizi na kinyesi cha kuku. Nilikigeuza kimoja. Chini ya fremu, chini ya tabaka la vanishi nyeusi, kulikuwa na herufi tatu zilizogongwa kwa chuma na namba ambayo haikusomeka vizuri. Nilishika mguu mmoja wa mbele nikauinua. Wa pili ukaja nao papo hapo. Hakuna kiungo kilichotikisika. Nilikwangua sehemu ndogo kwa msasa na mbao ikatoka nyekundu kama chai ya rangi. Mvule.

Imebaki kubadilisha mikanda na kushona mito minne, sponji ya kilo 32, kitambaa cha kitani cha rangi ya udongo ili vumbi letu lisionekane sana. Zipu nyuma. Daktari anataka vyote viwili kwa nyumba yake ya Milimani, na amelipa nusu. Lakini jana kukhu alinipigia mwenyewe, namba sijui aliipata wapi, akaniamkua kwa utulivu, akaniuliza habari za watoto, akaniuliza habari za mvua, halafu akasema kimoja kirudi kwake kabla ya Desemba, na kwamba vitambaa vyake anavyo bado, vimefuliwa.